Pampu isiyosimama: modeli ipi ya ukokotoaji kwa mfumo wa wakati halisi?

Msomaji mmoja ameandika hivi:

“Natengeneza programu ya pampu inayotilia dawa mshipani kwa kipimo. Nimeigawa katika nyuzi nne (sehemu za programu zinazoendeshwa sambamba) juu ya mfumo endeshi wa wakati halisi: uzi wa vitufe, wa mota, wa kihisi cha viputo vya hewa, na wa skrini. Kazi inakwenda vizuri, ila mara mojamoja, mtu akibonyeza SIMAMA wakati dozi inakaribia kutimia, skrini huandika IMESIMAMA huku mota ikiendelea kupiga hatua polepole. Nimeongeza makufuli, ili nyuzi mbili zisiguse data moja kwa wakati mmoja; tatizo limepungua, halijaisha. Mwenzangu ananishauri niachane na nyuzi nitumie modeli rasmi ya ukokotoaji. Nikisoma nakutana na mashine za hali, nyavu za Petri, mitandao ya Kahn, lugha za sinkroni, otomata za wakati. Nichague ipi, na nitapoteza nini?”

Ndugu yangu, kabla ya modeli tuitazame hiyo mota, maana dalili zako zote zinaelekeza mahali pamoja. Pampu nyingi za aina hii hazisimami dozi inapotimia. Hushuka hadi mwendo mdogo, mililita chache kwa saa, ili damu isigande kwenye kanula, ule mrija mdogo ulioingizwa mshipani. Tuseme yako hushuka hadi mililita 5 kwa saa, na hatua moja ya mota husukuma mikrolita 2. Hapo mota itapiga hatua moja kila sekunde 1.44. Bila shaka ndiyo hiyo “polepole” unayoiona.

Sasa fuata mpangilio huu. Uzi wa mota unaona dozi imetimia, unaiarifu skrini, na unajiandaa kuandika hali mpya, MWENDO_MDOGO. Kabla haujaandika, mkatizo wa kitufe unauamsha uzi wa vitufe, ambao una kipaumbele cha juu. Huo unaandika IMESIMAMA, unaiarifu skrini, unalala. Uzi wa mota unarudi pale ulipokatizwa na kuandika MWENDO_MDOGO juu ya kile kilichokwisha kuandikwa. Skrini imeishia na ujumbe wa SIMAMA, mota imeishia na amri ya mwendo mdogo, na kila uzi umefanya kazi yake bila kosa.

Ungeweza kuliacha kufuli lishike tangu kusoma hadi kuandika, na hitilafu hii moja ingeondoka. Lakini bado hakuna mstari hata mmoja katika programu yako unaosema: SIMAMA na kutimia kwa dozi vikigongana, kipi kishinde? Jibu linatolewa na mpanga ratiba wa mfumo endeshi, leo hivi, kesho vile, kutegemea nani aliamshwa lini. Ndiyo maana makufuli yamepunguza tatizo bila kulimaliza, na ndiyo maana hutaweza kulizalisha kwa makusudi mbele ya mkaguzi.

Modeli ya ukokotoaji ni makubaliano kuhusu mambo mawili: sehemu za mfumo zinawasilianaje, na wakati unahesabiwaje kati yao. Nakushauri uzipime kwa kile zinachokukataza. Nyuzi zenye kumbukumbu ya pamoja hazikukatazi chochote, kwa hiyo haziwezi kukuhakikishia chochote. Kila modeli uliyoitaja imekata uhuru fulani, na badala yake inakupa swali ambalo unaweza kulijibu kwenye karatasi kabla mota haijazunguka.

Neno moja la historia, kwa sababu linaeleza kwa nini vitabu vya kawaida vya programu havikusaidii hapa. Mwaka 1985 David Harel na Amir Pnueli waliandika kuhusu mifumo waliyoiita ya mwitikio, wakaitenga na programu za kubadilisha data. Programu ya kubadilisha data hupokea ingizo, hukokotoa, hutoa jibu, huisha. Mfumo wa mwitikio hauishi. Umo katika mazungumzo yasiyokoma na mazingira yake, na mazingira ndiyo yanayoweka kasi ya mazungumzo hayo. Pampu “ikimaliza kukokotoa” imeharibika. Kwa hiyo usahihi wake hauwezi kuelezwa kama uhusiano wa ingizo moja na tokeo moja. Lazima ueleze mfululizo mzima wa matukio, pamoja na nyakati zake.

Tuje kwenye uchaguzi. Kosa ninaloliona mara nyingi ni kutafuta modeli moja ya mfumo mzima. Pampu yako ina sehemu zenye tabia tofauti kabisa, na kila moja inadai modeli yake.

Chukua njia ya kihisi cha viputo. Hapo hakuna maamuzi, kuna mkondo wa namba unaotiririka. Mwaka 1974 Gilles Kahn alieleza mitandao ya michakato inayowasiliana kwa foleni tu, kwa masharti mawili makali: anayesoma foleni tupu lazima asubiri, na haruhusiwi kuchungulia kama foleni ina kitu. Masharti hayo yanatosha kukuhakikishia kwamba data ileile inayoingia itatoa data ileile, hata michakato ikiendeshwa kwa ratiba yoyote. Bei yake ni kwamba foleni za Kahn hazina kikomo, na kwa mtandao wa jumla hakuna kanuni ya kukokotoa inayoweza kukuambia daima kama kumbukumbu yenye kikomo itatosha.

Mwaka 1987 Edward Lee na David Messerschmitt walikata zaidi: kila mchakato utangaze mapema unachukua alama (vipande vya data) ngapi na kutoa ngapi kila unapoendeshwa, na idadi hizo zisibadilike. Tufanye hesabu kwa kihisi chako. Tuseme kinasoma mara 1,000 kwa sekunde. Kichujio kinachukua sampuli 10 na kutoa 1. Kiamuzi kinachukua thamani 4 za kichujio na kusema kuna kiputo au hakuna. Ili foleni zisijae wala kukauka, idadi ya kusoma lazima iwe mara 10 ya kuchuja, na kuchuja mara 4 ya kuamua. Jibu dogo kabisa la nambari nzima ni kusoma 40, kuchuja 4, kuamua 1. Ratiba imepatikana: soma mara 10, chuja, rudia hivyo mara nne, amua, anza upya. Bafa ya kwanza inahitaji nafasi 10, ya pili nafasi 4, na uamuzi unatoka kila milisekunde 40. Huhitaji uzi wala kufuli. Na ungekuwa umekosea kuunganisha, kwa mfano kichujio kikapeleka 1 upande huu na 2 upande ule kisha mahali pa kukutania pakachukua 1 na 1, milinganyo ingekuwa haina jibu isipokuwa sifuri. Hiyo ni taarifa kwamba bafa mojawapo itafurika siku moja, na umeipata kwa penseli.

Lakini modeli hiyohiyo ukiipeleka kwenye vitufe inakufa. Kitufe ni kitu unachotaka kukichungulia: je, SIMAMA imebonyezwa? Kama haijabonyezwa, endelea. Kahn alikataza hasa kuchungulia huko. Ukilazimisha, mota itasubiri kitufe kibonyezwe ndipo ipige hatua. Wengi hukwepa kwa kutuma alama ya “hakuna kitu” kila kipindi, na wakishafanya hivyo wamekwisha kuhamia modeli ya sinkroni bila kujua.

Basi tuingie huko kwa makusudi, kwa sababu ndiko dawa ya tatizo lako iliko. Mapema miaka ya 1980 makundi matatu ya Ufaransa yalifika mahali pamoja kwa njia tofauti: Gérard Berry na wenzake wakiwa Sophia Antipolis na lugha ya Esterel, Paul Caspi na Nicolas Halbwachs wakiwa Grenoble na Lustre, Albert Benveniste na Paul Le Guernic wakiwa Rennes na Signal. Wazo lao linaonekana kama uchawi ukilisikia mara ya kwanza. Wakati umekatwa vipande, tuviite mipigo. Katika kila mpigo mfumo unasoma maingizo yote, unakokotoa, unatoa matokeo, na kwenye modeli hesabu hiyo inachukua muda sifuri. Kila sehemu ya mfumo inaona picha ileile ya mpigo huo. Tukio lipo au halipo, na kutokuwepo kwake ni habari unayoweza kuitumia.

Kwa pampu yako maana yake ni kwamba SIMAMA na kutimia kwa dozi vikiangukia mpigo mmoja, vimetokea kwa pamoja. Hakuna wa kwanza. Kwa hiyo unalazimika kuandika:

kama kiputo basi hali := KENGELE
la sivyo kama simama basi hali := IMESIMAMA
la sivyo kama dozi_imetimia basi hali := MWENDO_MDOGO

Mistari mitatu tu, lakini ndiyo mistari iliyokosekana. Na ukishaiandika, swali jingine linajitokeza lenyewe, ambalo nadhani hujalijibu bado. Ikiwa SIMAMA imeshinda katika mpigo ambao dozi imetimia, mtu akibonyeza ANZA baadaye pampu ifanye nini? Kama dozi_imetimia ni tukio la mpigo mmoja, limepotea, na pampu itarudi kusukuma kwa mwendo kamili ikidhani dozi bado. Kama ni sharti, yaani ujazo uliosukumwa umefikia ujazo ulioagizwa, litakuwa kweli bado na pampu itaingia mwendo mdogo. Kwenye kifaa cha dawa nataka la pili, mradi mstari wa tatu utumike pale tu pampu inapokuwa inasukuma, usije ukaitoa kwenye IMESIMAMA katika mpigo unaofuata. Tofauti hiyo kati ya tukio na sharti ni chanzo cha hitilafu nyingi kuliko makufuli, na katika nyuzi haionekani kabisa.

Bei ya sinkroni ni mbili. Ya kwanza ni mizunguko ya sababu. Ukiandika kwamba ishara X itolewe katika mpigo huu iwapo X haipo katika mpigo huu, umeandika jambo lisilo na maana, na kompaila italikataa. Haipendezi siku ya kwanza, kwa kuwa mzunguko huo huwa umepita katika moduli nne. Mara nyingi tiba ni kutumia thamani ya mpigo uliopita mahali pamoja.

Ya pili ni kwamba muda sifuri haupo duniani. Modeli inakuwa kweli ikiwa hesabu ya mpigo mmoja inaisha daima kabla mpigo unaofuata haujaanza, na hilo ni la kuthibitisha, si la kutumaini. Kompaila inageuza programu nzima kuwa kitendakazi kimoja kisicho na mizunguko isiyo na kikomo, kwa hiyo muda wake wa juu kabisa unaweza kukadiriwa. Kwenye chipu ndogo isiyo na kache (kumbukumbu ndogo ya haraka ndani ya prosesa) hesabu hiyo ni nyepesi. Kwenye prosesa yenye kache na bomba refu la maelekezo unahitaji zana maalumu za uchambuzi, na usiniambie umepima mara elfu moja ukachukua kubwa kuliko zote: kipimo kinakupa muda mrefu ulioushuhudia, na huo ni mdogo kuliko au sawa na ule mrefu kabisa unaowezekana.

Tuseme mpigo wako ni milisekunde 10, na mapigo ya mota yenyewe yanatolewa na taima ya maunzi ambayo programu inaiwekea kipindi tu. Sasa unaweza kusema kitu ambacho kwa nyuzi usingethubutu. Mtu anabonyeza SIMAMA mara tu baada ya maingizo kusomwa. Anasubiri karibu milisekunde 10 yasomwe tena, na amri inatoka kabla ya milisekunde 10 nyingine kwisha. Jumla 20. Kwa mwendo wa mililita 1,200 kwa saa, hatua inapigwa kila milisekunde 6, kwa hiyo zitapita hatua zisizozidi 4, mikrolita 8. Tone moja la seti ya matone 20 kwa mililita ni mikrolita 50. Unaweza kuiandika namba hiyo kwenye hati ya usalama na kuitetea. (Ongeza muda wa kutuliza mruko wa kitufe, yaani kugusanagusana kwake kinapobonyezwa; huo nao hesabu kwa mipigo.)

Usidhani haya ni mambo ya darasani. Mazingira ya SCADE, yaliyozaliwa kutokana na Lustre, yametumika kuandika programu za udhibiti wa ndege za Airbus. Hata hivyo huhitaji kununua zana ili ufaidike. Ukiandika kitendakazi kimoja cha C chenye jina hatua(), kinachoitwa na taima, kinachopokea nakala ya maingizo yote na kutoa matokeo yote, bila kusubiri chochote ndani yake, umepata sehemu kubwa ya faida.

Mashine za hali ulizozitaja hazishindani na hilo. Ndiyo umbo la kilicho ndani ya hatua(). Chati za hali za Harel, alizozichapisha mwaka 1987, zinakuruhusu kuweka hali ndani ya hali na kuendesha hali sambamba, na hilo linapunguza mchoro sana. Angalia jambo moja tu: michoro inafanana, maana haifanani. Mpito wa hali ya nje ukigombana na wa hali ya ndani, STATEMATE, zana iliyotokana na kazi ya Harel mwenyewe, humpa ushindi wa nje, lakini UML, lugha sanifu ya michoro ya programu, humpa wa ndani. Kama SIMAMA umeiweka kwenye hali ya nje ili ikate kila kitu, tofauti hiyo si ndogo. Soma kitabu cha zana yako kabla hujauamini mshale wowote.

Nyavu za Petri, michoro ya nafasi na mipito ambamo alama huhama, kutoka tasnifu ya Carl Adam Petri ya 1962, zinapendeza pale wengi wanapogombea rasilimali chache. Kwako sioni kazi yake.

Otomata za wakati ni suala lingine: hizo si za kuandikia programu, ni za kuulizia maswali. Rajeev Alur na David Dill waliziweka mwanzoni mwa miaka ya 1990: mashine ya hali iliyoongezewa saa zinazokwenda pamoja, ambazo kila mpito unaweza kuzilinganisha na nambari nzima au kuzirudisha sifuri. Ajabu yake ni kwamba ingawa saa ni namba halisi na hali hazihesabiki, swali la kama hali mbaya inafikika linajibika kikamilifu, kwa sababu hali hizo zinakusanyika katika maeneo yenye kikomo. Ndani ya UPPAAL, zana ya vyuo vikuu vya Uppsala na Aalborg, unachora kidhibiti, unachora mtumiaji anayebonyeza ovyo, kisha unauliza: je, inawezekana zaidi ya milisekunde 20 zipite tangu SIMAMA, hakuna aliyebonyeza ANZA, na mota ikapiga hatua? Ikiwa inawezekana, zana inakupa mfululizo wa matukio unaofikisha huko, hatua kwa hatua. Gharama hupanda haraka kila unapoongeza saa na mashine, kwa hiyo chora kidhibiti na mota tu, achana na rangi za skrini. Na kumbuka unathibitisha mchoro. Msimbo usiofuata mchoro haujathibitishwa.

Ukitaka kubaki na nyuzi kwa sababu zozote, kuna msingi wa kuaminika, ila masharti yake usiyavunje. Mwaka 1973 C. L. Liu na James Layland walionyesha kwamba kazi za vipindi zisizotegemeana, zikipewa kipaumbele kwa ufupi wa kipindi, zitawahi zote iwapo jumla ya matumizi ya prosesa haizidi kiwango fulani. Kwa kazi nne ni asilimia 75.7, na kazi zikizidi kuongezeka kiwango hushuka kuelekea asilimia 69.3. Sharti la “zisizotegemeana” ndilo wengi hulisahau. Mwaka 1997 chombo cha Mars Pathfinder kilikuwa kikijizima na kujiwasha upya juu ya sayari ya Mars kwa sababu kazi ya kipaumbele cha chini ilishika kufuli lililohitajiwa na kazi ya juu, halafu kazi za kati zikaichelewesha iliyoshika. Wahandisi walitibu wakiwa duniani kwa kuwasha urithi wa kipaumbele kwenye kufuli hilo, yaani kazi iliyolishika hupewa kwa muda kipaumbele cha ile ya juu inayolisubiri. Hebu angalia yako kama imewashwa.

Kuna pia njia ya kati, ambayo Thomas Henzinger na wenzake wa Berkeley waliiweka katika lugha ya Giotto: kila kazi inasoma mwanzoni mwa kipindi chake na matokeo yake yanaonekana mwishoni mwa kipindi tu, hata kama ilimaliza mapema. Unapoteza wepesi, unapata mfumo ambao tabia yake haibadiliki ukibadilisha prosesa. Kwa pampu yenye chipu moja sioni haja. Ukija kugawa kazi kwenye viini kadhaa, irudie.

Jambo moja modeli haitakulinda nalo ni namba yenyewe ya wakati. Tarehe 25 Februari 1991 huko Dhahran, mfumo wa makombora wa Patriot ulishindwa kuzuia kombora, na askari 28 wa Marekani waliuawa. Mfumo ulihesabu wakati kwa sehemu za kumi za sekunde na kuugeuza kuwa sekunde kwa kuzidisha na 0.1, thamani isiyoandikika kikamilifu katika mfumo wa jozi. Baada ya saa 100 za kuwaka, upotofu ulifikia sekunde 0.34 hivi. Wewe hesabu mipigo kwa nambari nzima, geuza kuwa sekunde pale tu skrini inapohitaji. Na kama unahesabu milisekunde kwa biti 32, kihesabu kitarudi sifuri baada ya siku 49.7, linganisha nyakati kwa kutoa moja katika nyingine, usiulize ipi kubwa.

Utapoteza nini, basi? Ndani ya hatua() huwezi kusubiri, huwezi kuunda kazi mpya njiani, huwezi kuandika kwenye kumbukumbu ya kudumu inayochukua milisekunde 30. Shughuli za namna hiyo ziache nje, katika uzi wa kipaumbele cha chini, zikipokea na kutoa ujumbe kwenye mpaka wa mpigo. Skrini ni mojawapo. Mwishoni mwa kila mpigo mpe uzi wake nakala nzima ya hali, asiisome hali yenyewe kamwe wala asipokee arifa kutoka sehemu mbili kama sasa. Anza na hilo, pamoja na ile mistari mitatu, kabla hujagusa kitu kingine. Ni kazi ndogo, na msimbo wa kihisi unaweza kusubiri toleo linalofuata.